Asali Isiyowekwa Juani

“Mama Upendo, hivi asali ya kweli inaganda namna hii, au yule mama wa Mgeta anatutilia sukari?” jirani mmoja alimuuliza walipokuwa wanatoka kusali jumuiya. Mama Upendo alicheka tu, maana muuza asali mwenyewe alikuwa nyuma yao, na swali hilo amelizoea. Kila mteja humjibu kwa sauti ileile ya kubembeleza mtoto: “Imelala, mpenzi. Baridi ya milimani imezibana punje zake, zikashikana. Ipe joto, zitaachiana, zitatembea zenyewe.” Kisha huiweka chupa juani, akiigeuzageuza kwa vidole vyenye makovu ya nyuki, mpaka asali ilegee na mteja aone haya.

Kopo moja tu halionjeshwi jua. Hukaa nyumbani kwake, kivulini nyuma ya mtungi, limezungushiwa kipande cha kanga, na kila akipita hukilowesha maji tena lisipate joto. Juzi Mama Upendo, Mungu amsamehe, alilifunua. Asali ilikuwa nyeupe, ngumu, na katikati pana shimo la kijiko.

“Mwanangu alichota hapo, amesimama, lori la karoti lililomchukua linapiga honi,” muuza asali alisema mlangoni, bila hasira. Tangu asubuhi ile kijana hajarudi, wala hajapiga simu. Muuza asali akapitisha kidole kwenye ukingo wa shimo, pale palipoanza kulegea.

“Dada yangu, joto la huku mjini litalifukia shimo hili. Naomba uniwekee kopo hili kwenye friji lako mpaka arudi.”