Pilipili Zilizooza Wakati wa Matanga

Jua la soko la Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, limeshaanza kuchoma, na Musoki bado ana gunia zima la pilipili miguuni. Esperance, mchuuzi kutoka Butembo, anachota konzi moja, ananusa, anacheka.

"Mama Musoki, hii ndiyo Wazungu walikataa?"

"Ndiyo hiyo. Nunua au unipishe."

"Ninanunua! Kwetu mutu akikuta kadudu anakatupa, anakula. Lakini bei ya Ulaya haiko hapa, mama."

Anampa shilingi elfu moja kwa kilo. Mwaka jana wakala alizifuata shambani kwa elfu nne.

Musoki, mwenye miaka 46, analima shamba la kukodi Mubuku, wilayani Kasese. Pilipili zake zilikwenda Ulaya kwa ndege kupitia kikundi cha wakulima. Masharti yalikuwa magumu lakini yalieleweka: kila pilipili inayoanguka iokotwe siku hiyohiyo na kufungiwa kwenye mfuko wa plastiki, ili viwavi waliomo wafe kabla hawajawa nondo. Kiwavi mmoja akionekana, mzigo wote unakataliwa.

Mwokotaji alikuwa mumewe, Jonan.

"Alitembea ameinama kama mtu aliyeangusha ufunguo," anasema Musoki. "Majirani wakimcheka, mwanaume mzima anaokota takataka. Naye anawaambia, 'Chekeni, mimi nalisha London.'"

Jonan alifariki ghafla, pilipili zikiwa zimeiva. Katika ukoo wao, mfiwa haingii shambani mpaka matanga yaanuliwe; anayeingia huonekana amefurahia kifo. Kaka wa marehemu alikwama Kongo, watu wakamsubiri, na matanga yakarefuka.

Musoki alikaa mkekani. Shambani, pilipili zilianguka na kuoza.

"Nilizifikiria, sikufichi," anasema. "Lakini ningemwambia nani kwamba nakwenda kuokota pilipili, na kaburi bado bichi?"

Matanga yalipokwisha alivuna, akachambua zilizoonekana safi, akazipeleka kwenye kikundi. Katika ukaguzi kabla ya kusafirishwa, kiwavi akakutwa ndani ya moja. Mzigo wa wanakikundi wote ukakosa cheti cha afya ya mimea, na kikundi kikazuiwa kuuza nje msimu mzima.

Mwenyekiti, Gidioni, alimfuata nyumbani, kofia mkononi.

"Shemeji, Jonan tulimzika pamoja," alimwambia. "Lakini gunia lenye kiwavi lina namba yako."

"Namba ilikuwa yangu," anasema Musoki.

Sheria hiyo haikutungwa kumwonea Musoki. Inalinda mashamba ya wengine, na kiwavi hajui matanga. Lakini wanakikundi wenzake walipoteza ada za shule kwa sababu yake, na wapo ambao hadi leo hawaitikii salamu yake kanisani.

Kikundi kimefunguliwa tena. Yeye yumo kwa majaribio, na kwa sasa anauza hapa Bwera: mkaguzi atapita shambani kwake kabla ya mavuno yajayo, na akikuta uchafu, Musoki anaondolewa moja kwa moja. Anaokota asubuhi, anaokota jioni. Katikati anakwenda kumlisha mama mkwe wake, ambaye sasa hawezi hata kujigeuza kitandani.

Na mama mkwe akifa kabla ya mkaguzi kuja, matanga yakaanza tena?

Musoki anakunja gunia tupu.

"Nimeshaongea na Gidioni. Yeye si wa ukoo, mwiko haumhusu. Ataingia, ataokota. Mara ile sikujua kama naweza kuomba." Anajifuta uso kwa kanga. "Jonan sikumlilia vizuri. Masikio yangu yalikuwa shambani. Huyu mama nataka nimlilie."