Mzee wa Mstari wa Tatu

Watu hudhani kazi ya askari jela ni ngumu kwa sababu ya wafungwa. Si kweli. Wafungwa nimeishi nao miaka kumi na miwili hapa Malindi, na wengi wana adabu kuliko majirani zangu wa kwenye kota. Wamenifundisha kunyoa nywele, kupika maharagwe yakaiva sawasawa, na kushindwa kwenye drafti bila kununa. Kilichotaka kuniua mimi ni mkwe.

Nilikuwa nataka kumwoa binti wa mgema mmoja wa Kakuyuni. Mara mbili wazee wangu walikwenda kuposa, mara mbili wakarudishwa na jibu lile lile: binti yake haolewi na mtu anayeshinda na funguo kiunoni. Binti mwenyewe ananitaka, lakini akaapa kwamba bila idhini ya babake hatoki kwao. Nikabaki nimening'inia.

Basi Jumatatu moja lori likashusha wafungwa wapya kutoka mahakamani, nami niko zamu. Wa nne kushuka akawa yeye, yule mgema, mzee mzima, kafungwa mwezi mmoja kwa kuuza pombe ya mnazi bila leseni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Alinitazama kuanzia kofia mpaka buti, akasema, "Naona umeamua kunichukua mimi badala ya binti."

Kanuni yetu ni kwamba ukiletewa jamaa yako, umwarifu mkuu wa gereza, upangiwe kazi nyingine. Lakini ningemwambia nini? Kwamba huyu ni baba mkwe wangu, na mwenyewe hataki kusikia hivyo? Nikanyamaza. Hapo ndipo nilipojiloga.

Kila alfajiri wafungwa huchuchumaa uani mistari ya watano watano, nasi tunapita tukiwahesabu kichwa kimoja kimoja kwa ncha ya fimbo. Sasa, kwetu nilikolelewa, mkwe hatazamwi usoni, wala huli mbele yake. Kumnyooshea kidole ni tusi, sembuse fimbo, tena yeye kachuchumaa chini na wewe umemsimamia na mabuti yako. Siku za kwanza zamu ya kuhesabu haikuniangukia. Ijumaa ikaniangukia.

Nilihesabu nikapata themanini na watatu. Daftari linasema themanini na wanne. Nikarudia, ni themanini na watatu. Mara ya tatu, ni wale wale. King'ora kikalia. Mkuu wetu, mtu wa bara asiyejua mzaha, akatoka mbio na kandambili. Askari wakatumwa chooni, shambani, juu ya paa. Mmoja akafunua hata sufuria la uji, sijui alitarajia kumwona nani. Uji ukapoa, wafungwa wananung'unika, na mkuu ananiuliza mfungwa wa serikali nimempeleka wapi.

Na mimi kufikia hapo nilishajua. Mara zote tatu, nikifika mstari wa tatu, macho yalipanda ukutani na fimbo ikamruka yule mzee. Sikukusudia, lakini nani angeniamini? Nikisema, kazi imekwenda. Na mzee akinikana mbele za watu kwamba mimi si mkwe wake, binti naye amekwenda.

Ndipo akainuka taratibu, mikono magotini, akilalamikia miguu yake.

"Bwana mkubwa, hakuna aliyetoroka. Aliyepungua ni mimi. Kijana huyu ni mkwe wangu, anaona haya kuninyooshea fimbo."

Miaka miwili nimelitafuta neno hilo, na sasa linasemwa mbele ya mashahidi themanini na watatu. Furaha na hofu zilinijia pamoja, nikashindwa hata kupiga saluti.

Mkuu akataka kujua ni mila gani hiyo ya kupoteza mtu aliye mbele ya macho yako. Kisha akaniamuru nihesabu upya, yeye mwenyewe akiangalia. Nikaanza moja, mbili, mpaka kumi na mbili, na hapo mkono ukagoma. Mzee akasubiri kidogo. Alipoona siwezi, akainamisha kichwa akasema mwenyewe kwa sauti, "Kumi na tatu." Nikaendelea na kumi na nne.

Nilipewa barua ya onyo na kuhamishiwa langoni. Huko ndiko alikonikuta siku yake ya kutoka, kavaa shati lile lile aliloingia nalo. Nilimwandika daftarini, nikafungua kufuli, yote hayo nikitazama viatu vyake. Kisha nikavua kofia, nikapiga goti pale pale na sare yangu, nikamwambia shikamoo baba. Mwenzangu wa zamu alicheka mpaka akashika ukuta.

"Marahaba," akasema mzee. "Jumapili walete wazee wako. Na hizo funguo uziache huku."