Kabati la Nyumba ya Mjerumani

Mwezi uliopita jirani yetu wa zamani alinipigia simu. "Ile Nyumba ya Mjerumani inavunjwa," akasema. "Kama unataka kuiona, njoo upesi." Sikutaka. Ilikuwa imepita karibu miaka hamsini sijakanyaga pale. Lakini kesho yake asubuhi niliondoka Kinondoni nikaenda Mtoni, kule Temeke tulikokulia, nikakuta paa limeshashushwa na mafundi wanang'oa madirisha.

Huenda wewe hujapata kuisikia. Ilikuwa makumbusho madogo tu, vyumba vinne na baraza. Zamani Mjerumani mmoja mwenye shamba la minazi alijenga pale, akaishi na familia yake mpaka walipoondoka. Nilipokuwa mtoto, mwalimu mmoja mstaafu aliwaandikia barua wajukuu wa yule Mjerumani huko kwao, nao wakasaidia nyumba ikarabatiwe na vitu vya babu yao vipangwe, watu waje kuvitazama. Kulikuwa na kinanda kisicholia, cherehani ya mkono, kinu kidogo cha kusagia kahawa, na vikombe vyembamba ambavyo ukivielekeza kwenye mwanga unaona kivuli cha vidole vyako.

Bibi yangu, aliyenilea, ndiye aliyekuwa akisafisha. Nikitoka shule napitia pale kumsaidia. Yeye anafuta vumbi, mie napiga sakafu nta nyekundu kwa kitambaa, napiga magoti mpaka yanakuwa mekundu. Harufu ya ile nta ilinikaa puani mpaka wakati wa kulala. Kazi ikiisha tunakaa baraza ya nyuma, tunakula mihogo aliyoipika kwa nazi, imeshapoa, na chai ya mchaichai kutoka kwenye chupa. "Vitu vya watu vishike kama unashika kichanga," alikuwa akiniambia kila siku.

Kitu kikubwa kuliko vyote kilikuwa kabati la vyombo, la mti wa mninga, limechongwa maua milangoni. Mbele yake kulikuwa na kikaratasi. Bibi alijua kusoma Kurani lakini hizi herufi za shule hakuzijua, hivyo siku moja akaniomba nimsomee. Nikasoma kwa madaha: "Kabati lililoletwa kwa meli kutoka Ujerumani."

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akaweka kitambaa chini, akaichomoa droo ya chini kabisa, akaigeuza. Kwa chini kulikuwa na maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwa ncha ya patasi. Nilikuwa nasoma madrasa, nikayapapasa herufi moja moja: Mwinjuma bin Shomari, fundi.

"Huyo ni baba yangu," bibi akasema. "Kabati hili kalitengenezea hapo nyuma, kwenye banda. Mjerumani alimwonyesha picha kitabuni, akamwambia nataka kama hili. Mie ndiye nilikuwa namletea chakula. Nakaa juu ya maranda namngoja amalize kula."

Siku ileile alimfuata mwalimu. Hakuomba makubwa, alitaka kile kikaratasi kibadilishwe tu. Mwalimu hakumkatalia kwa ukali. Alitabasamu. "Mama, wageni wetu wanakuja kuona vitu vya babu yao. Tukisema kabati ni la hapahapa, watakuja kuona nini? Wewe futa vumbi, historia niachie mie."

Wageni wakaja baada ya wiki chache. Tulipangwa mlangoni na mashada ya asumini. Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja wa Kijerumani, mzee, mjukuu wa mwenye nyumba. Alipofika kwenye kabati akaliegemea, akalia kimyakimya. Mwalimu akatugeukia, akatutafsiria: "Anasema anamwona babu yake akilipakia melini."

Bibi alikuwa amesimama karibu na dirisha, mikono ameikunja juu ya kanga. Hakufungua mdomo. Mie nikaufungua. "Si kweli," nikasema. "Kalitengeneza baba yake bibi. Kaandika jina lake."

Yule mama akamuuliza mwalimu nimesema nini. Mwalimu akamjibu kwa lugha yao, na uso wa yule mama ukachangamka, akanipapasa kichwa, akanipa pipi. "Anakushukuru kwa kumkaribisha," mwalimu akaniambia, huku akinikazia macho. Bibi alikuwa ameshatokea mlango wa nyuma.

Droo ilikuwa hatua mbili tu kutoka niliposimama. Ningeweza kuivuta nikaigeuza mbele ya watu wote. Sikuivuta. Nilimenya ile pipi nikaila.

Kesho yake bibi aliambiwa apumzike, kazi apewe mtu mwenye nguvu zaidi. Nilingoja anichape. Aliniuliza jambo moja tu: "Ile droo, ulimwonyesha?" Nikasema hapana. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuloweka mchele. Tangu hapo akawa anauza vitumbua, na kila alipokwenda sokoni alizunguka njia ya mbali ili asipite mbele ya ile nyumba. Alifanya hivyo mpaka miguu ilipomkatalia. Akafa bila kuingia tena.

Sasa nilisimama kwenye kifusi nikamwona binti wa mwisho wa mwalimu, ambaye alibaki mwangalizi baada ya baba yake kufariki. "Shikamoo, mama," akanisalimia kwa adabu. Nikamuuliza vitu vimekwenda wapi. Vingi vimeuzwa, akasema, kiwanja kimepata mwenyewe, panajengwa maghorofa.

"Na kabati?"

"Ah, hilo limerudishwa kwao Ujerumani! Familia ililiomba. Lilisafishwa vizuri kabisa, likapigwa msasa nje na ndani, mpaka chini ya droo, likawa kama jipya."

Nikamwambia lilikuwa na maandishi.

"Ile michoromichoro?" akasema. "Fundi alidhani watoto walichezea." Hakusema kwa ubaya. Hakuwa amezaliwa wakati ule, na nani angemwambia?

Nilirudi nyumbani nikawasimulia wanangu mezani. Walisikitika kweli, mkubwa akataka tuwaandikie wale Wajerumani. Tutawaandikia tuwaambie nini, na tuwaonyeshe nini? Mdogo akauliza babu huyo fundi alizikwa wapi. Sijui. Bibi alikuwa akijua, na miaka yote niliyoishi naye nilikuwa naona haya kumuuliza lolote juu ya baba yake, kwa sababu ya ile siku.