Kopo la Mahindi Juu ya Kinanda

Wanaume watatu walikaa kuamua mambo ya vidole vyangu, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukata kucha ili apige piano. Mpaka leo nikiikumbuka ile siku Kitale natamani kutema mate.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na binti wa miezi minane mgongoni. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne katika shule moja ya bweni upande wa Bungoma. Shule hiyo ilikuwa na piano ya kweli, ya mbao, na kwa miaka minne nilikuwa naipiga wenzangu wakiwa wamelala mchana wa Jumapili. Nilipozaa, nikaandika barua kuomba niwe nakuja Jumamosi kufanya mazoezi. Nilijibiwa kwa sentensi moja: msichana mwenye mtoto ni mfano mbaya kwa wanafunzi. Piano yenyewe haikuulizwa.

Na mazoezi niliyahitaji. Chuo kimoja hukohuko Bungoma kilikuwa kinachukua watu wa kusomea ualimu wa muziki, na sharti lake lilikuwa upige piano mbele ya watahini. Nilikuwa na miezi minne. Kwa miezi minne nisipogusa kitu chenye vibao vizito kama vya piano, vidole vingekuwa ugali wa jana.

Ndipo kanisa letu la Kitale likaamua kununua kinanda. Mwalimu wa kwaya alikuwa amepata kompyuta, na sasa alitaka kurekodi. Kwa hivyo ilibidi kiwe kinanda cha MIDI, kile kisicho na sauti yake. Unabonyeza vibao vyake, chenyewe kinatuma habari kwa kompyuta au kisanduku cha sauti, na hicho ndicho kinacholia. Mwenyekiti wa kamati akaniita.

“Mama mtoto, wewe si ulisoma hii maneno? Utusaidie kuchagua. Ukituchagulia kizuri, siku za juma utakuwa unakuja kufanyia mazoezi yako hapa kanisani.”

Nilimwamini. Ujinga wangu huo.

Tukaenda kwa fundi mmoja aliyekuwa anauza simu na redio nyuma ya duka la mbegu: mwenyekiti, mweka hazina, mwalimu wa kwaya, na mimi na mtoto wangu. Fundi alikuwa na vinanda viwili. Kimoja kilikuwa kipya, cheusi, kinang'aa, kina taa za buluu kama harusi. Cha pili kilikuwa kimechubuka pembeni na kina alama ya kikombe cha chai juu yake. Mwenye nacho alikuwa amehamia Nairobi akakiacha.

Mwalimu wa kwaya alikimbilia kile cha taa. Fundi akachomeka kisanduku cha sauti, akaweka sauti ya ogani. Mwalimu akabonyeza kwa vidole vitatu, ogani ikanguruma, mweka hazina akasema “Amina” kana kwamba ameombewa.

Sasa nieleze, kwa sababu wao hawakutaka kuelezwa. Sauti ya ogani haijali umebonyeza vipi. Ubonyeze kwa upole, ubonyeze kama unaua siafu, inalia sawa tu. Kupima vibao vya kinanda kwa ogani ni kama kuonja chumvi ukiwa umejaza pilipili mdomoni.

Nikachomoa waya.

“Haiya! Sasa umefanya nini?” mwalimu wa kwaya akaruka.

“Napima.”

“Unapima bila sauti?”

“Sauti ni ya kisanduku. Hapa tunanunua vibao.”

Kwenye mfuko wa nepi nilikuwa na kopo langu dogo la mafuta ya kujipaka, lililokwisha zamani. Kule shuleni, mtu wa kutengeneza piano alikuwa anaweka vyuma vidogo juu ya kibao kuona kinashuka kwa uzito gani. Mimi sikuwa na vyuma. Nilikuwa na mahindi ya kutoka nyumbani. Kwa kopo hilohilo nikajua kwamba likijaa mahindi makavu mpaka shingoni, kibao cha katikati cha piano kinashuka polepole chenyewe. Upande wa kushoto, wa sauti nzito, lazima uongeze punje juu. Upande wa kulia unapunguza. Nilikuwa nimezihesabu mara nyingi kuliko nilivyohesabu siku zangu, na mtoto mgongoni ndiye ushahidi.

Nikatoka nje, nikaokota kiganja cha mahindi kwa mama aliyekuwa ameanika kwenye turubai hapo mlangoni. Nikarudi, nikaweka kopo juu ya kile cha taa. Nusu kopo tu, kibao chini. Kushoto nusu, kulia nusu, hakuna tofauti. Ndani ni springi tupu. Nikashika kibao kimoja nikakitikisa, kikacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Nikabonyeza haraka haraka, kikawa kinagonga chini, tak, tak, mpaka mtoto wangu akaamka mgongoni akaanza kulia.

Nikaenda kwa kile kilichochubuka. Kopo zima, katikati, kikashuka kama mtu anayekaa kitini. Kushoto kikadai punje zaidi. Kulia kikadai chache. Ndani kulikuwa na nyundo ndogo, unazisikia zikianguka kwa mbali. Nikabonyeza kibao kimoja mara nyingi, kikawa kinarudi kila mara kabla kidole hakijakihitaji. Mtoto alinyamaza akalala tena. Mabega yangu yalikuwa yameshuka, sikujua hata yalikuwa yamepanda.

“Ni hiki,” nikasema.

Mwenyekiti aliangalia kopo, akaniangalia mimi, akacheka mpaka tumbo likatetemeka.

“Mama mtoto, mahindi tunapeleka posho mill. Hatuleti kwa kinanda ya Bwana.”

“Na hii ni ngumu, bana,” akasema mwalimu wa kwaya. Alikuwa amekibonyeza mara moja, kwa kidole kimoja. “Itaumiza vijana.”

“Itawafundisha vijana.”

“Ati itawafundisha! Si wewe ukapike uji?”

“Na iko na doa ya chai,” mweka hazina akamalizia. Huo ndio uliokuwa mchango wake siku nzima.

Wakanunua taa.

Na ahadi yangu? Nikamwuliza mwenyekiti palepale. Akasema mazoezi nitafanyia kwa hicho hicho, kinanda ni kinanda. Kuna watu ukiwajibu unawapa heshima.

Walipoondoka nilibaki na fundi. Nikamwambia, “Hiki hakitanunuliwa Kitale. Wanunuzi wako wote masikio yao ni kama ya hawa.”

“Sasa nifanye nini nacho?”

“Niache nije nikipige.”

“Mama, kelele itanifukuzia wateja wa simu.”

“Si ubaki na waya wako?”

Akafikiria. Kisha akazungusha ule waya mkononi, akautia kwenye droo.

Kwa miezi minne nilipiga kinanda kisicholia. Kila asubuhi, mtoto mgongoni, watu wakija kununua chaja wananiangalia. “Huyu ni mzima kweli?” mmoja aliuliza, mimi nikiwa hapo hapo. Fundi akamwambia, “Ni mzima kukushinda. Unataka chaja ya pini gani?”

Siku ya mtihani nilikaa mbele ya piano ya chuo kule Bungoma, nikabonyeza, na kwa mara ya kwanza nikasikia ule wimbo wangu wa mtihani ukitoka mikononi mwangu. Kibao kilishuka palepale nilipojua kitashuka. Katika ukurasa wa pili nikasikia kosa: kwa miezi minne nilikuwa nagusa kibao cheupe badala ya cheusi jirani yake, na hakuna sikio lililokuwa limeniambia. Nikaendelea. Mtahini mmoja, mama mwenye miwani, akauliza nilifanyia mazoezi piano gani.

“Ya duka la simu,” nikasema. Akaandika kitu.

Barua ya kuchaguliwa ilipofika, mwenyekiti aliisoma kanisani kana kwamba ameiandika yeye. Nyuma yake, kile cha taa kilikuwa tayari na vibao vitatu vilivyozama visiinuke. Akasema mimi ni tunda la kinanda cha kanisa, kisha akanipa kipaza sauti nitoe shukrani.

Nikasimama. “Namshukuru fundi wa simu,” nikasema, nikamrudishia kipaza sauti chake.