Lusani ya Swala Imeungua

Wasee, leo mzee wa watu amebeba kosa langu, nami nikanyamaza jii.

Hapa shambani nje ya Riyadh bosi anafuga swala. Mimi na Mzee Idris, Msudani, ndio tunawapandia lusani, majani yao ya kula.

Mwezi uliopita mzee alikataa tusipande. Sisimizi wameficha nafaka mapema, akasema. Ngamia wameota manyoya mazito. Baridi inayokuja si ya mchezo.

Nikacheka. Mimi mtu wa Kinangop, uniambie baridi?

Bosi anamwamini mzee tu. Kwa hivyo nikampigia bosi simu: "Baba, Idris amesema tupande sasa."

Bosi akaagiza, tukapanda. Ikaota vizuri, nikajipiga kifua.

Leo asubuhi umande umeganda shamba zima. Lusani yote imeungua, nyeusi tii. Swala wamesimama kwenye uzio wananiangalia mimi. Naapa, mimi tu.

Bosi akafika. "Idris, si wewe ulisema tupande?"

Mzee akanitazama.

"Nilikosea, baba."

Bosi alipoenda kunywa chai, mzee akachukua mundu, akaniuliza taratibu: "Kwenu Kinangop hakuna sisimizi?"

Bosi bado anakunywa chai. Hebu mtu anisukume niende nikamwambie ukweli.