Mikanda ya Rosaire Daigle

Shemeji yangu Rosaire Daigle hajawahi kusimulia jambo mikono yake ikiwa imetulia. Akianza tu habari za dubu, dada yangu Laurette husogeza vikombe vya kahawa hadi upande wa pili wa meza, kimyakimya, bila hata kumtazama. Wameshavunja vikombe vingi katika ndoa ile.

Hapa bondeni kwetu, kaskazini kabisa mwa Maine, ambako ukivuka mto umeshaingia Kanada, Rosaire anajulikana kwa viazi na kwa upinde. Viazi analima kwa sababu lazima ale. Upinde ndio raha yake. Tangu ujana anawinda dubu kwa mshale akiwa juu ya mti, na hajawahi kung'oka hata ukucha. Usidhani ni bahati. Yule bwana ana masharti kuliko mganga. Upinde hupandi nao. Unaufunga kamba, unapanda mikono mitupu, kisha unauvuta. Mikanda ya usalama unaifunga kwenye mti ukiwa bado chini, na huifungui mpaka nyayo zote mbili zimekanyaga ardhi. Dubu akikutazama usoni humpigi, unangoja akupe ubavu. Na ukishampiga unatulia hukohuko juu, maana dubu mwenye mshale mwilini hapendi kufuatwa na mtu mwenye haraka. Kila vuli, kabla ya msimu wa kulungu, huwafundisha watu mambo haya kwenye ukumbi wa kanisa, na anayecheka hutolewa nje, awe mkulima au diwani.

Mwaka juzi magoti yakaanza kumsumbua. Laurette akaja juu.

"Baba Lise, wewe si kima. Miti basi."

"Magoti ni ya nani, yangu au yako?"

"Ni yako, lakini atakayeyakanda ni mimi!"

Walibishana mpaka ploye, zile chapati zetu, zikapoa mezani. Mwishowe wakakubaliana: Rosaire ataendelea kuwinda, ila siku atakayovunja sharti lake mwenyewe, hata moja, upinde unatundikwa ukutani na haushuki tena. Shahidi wa kukaa naye porini nikateuliwa mimi.

"Na usinifiche kitu, Alcide," dada akanionya. "Wewe na shemeji yako ni chanda na pete."

Basi Septemba ikatukuta juu ya misonobari miwili jirani, kila mmoja kwenye kiti chake, mbu wakitunywa kama supu. Chini yetu kulikuwa na pipa la chambo, limejaa donati zilizochacha kutoka duka la mikate. Rosaire alifuata kila kitu kama padri kwenye misa. Hata mimi mikanda yangu aliivuta mara mbili kabla hajaniruhusu kupanda.

Dubu alikuja jua likiwa linazama. Dume, mweusi tii, tumbo kama gunia la viazi. Akaketi nyuma ya pipa, akatuelekezea uso, akaanza kula. Rosaire akainua upinde, akangoja ubavu. Ubavu haukuja. Dubu alikula donati moja baada ya nyingine akiwa ametukodolea macho kama mteja aliyelipia meza, mpaka giza likaanza kuingia na saa halali ya kupiga ikapita. Rosaire akaushusha upinde pole pole.

Kisha dubu akanyanyuka, akaja kunusa ngazi ya Rosaire. Mimi nikaukumbatia mti wangu. Rosaire akainama, akamwambia kwa adabu kabisa:

"Bwana mkubwa, umeshakula. Nenda nyumbani."

Dubu akafikiri kidogo. Akaenda zake, tena bila haraka.

Tulingoja mpaka tulipoacha kusikia matawi yakivunjika, kisha tukacheka hadi machozi. Mimi nilishuka kwanza. Rosaire akafuata, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana hakuweza kungoja afike chini ndipo aanze kusimulia.

"Uliona alivyonitazama? Uliona, shemeji? Alifanya hivi—"

Alikuwa kwenye kipandio cha pili kutoka chini. Akafungua mikanda ili apate mikono yote miwili ya kunionyesha. Akaonyesha, na akaanguka. Kimo cha ndoo tu, lakini kifundo cha mguu kililia kama ukuni mkavu unaovunjwa.

Njiani, ndani ya gari, alikaa ameushika mguu. Uongo niliutunga mimi.

"Tutamwambia umeteleza ukishuka garini."

Akatazama dirishani. "Haya," akajibu.

Laurette alilipokea neno letu, akanitazama mimi, akaenda kutafuta barafu. Upinde ukabaki stoo, mahali pake.

Wiki chache baadaye, darasa la ukumbi wa kanisa likajaa. Laurette alikuwa nyuma, anapanga kahawa. Rosaire akasimama mbele kwa magongo mawili, kwa hiyo mikono haikuwa na nafasi ya kwenda popote. Sijawahi kumwona akizungumza namna ile.

"Huu mguu," akasema, "ni kwa sababu nilifungua mikanda kwenye kipandio cha pili. Nilidhani nimeshafika. Wengi wenu mtadhani hivyohivyo. Hamjafika."

Hakuna aliyecheka. Nikamtazama dada yangu. Alikuwa ameshika birika, na kahawa ilikuwa inafurika kikombeni.

Walipoondoka watu, akaja akasimama mbele ya mumewe.

"Ungenyamaza, ungewinda mwakani."

"Najua."

"Upinde nautundika leo."

"Utundike, Mama Lise."

Na kweli aliutundika, jikoni, juu ya friza, akiwa amepanda kiti nami nimekishika. Rosaire alikaa mezani, viganja vyake vimelala wazi mbele yake. Laurette akashuka, akammiminia kahawa, akakiweka kikombe mbali, upande wa pili, kama alivyozoea. Kisha akaitazama ile mikono iliyotulia. Akakisogeza kikombe, taratibu, mpaka kikagusa vidole vyake.

Mimi nikatoka nje kuangalia gari langu, ambalo halikuwa na tatizo lolote.