Chuma Kinachosukuma na Chuma Kinachoshika

Siku ya posho, yaani Jumamosi, mwezi wa kumi. Asubuhi mvua ilinyesha kwa hasira, muchana jua likatoka, na mawe meusi ya mutaa wetu wa Katoyi yakaanza kutoa mvuke.

Juma hili walinitoa vyuma kwenye muguu. Ndugu zangu motari, waendesha pikipiki wa parking yetu, waliniomba niseme mbele yao namna nilivyopona. Kusema mbele ya watu siwezi, maneno yananikimbia. Basi ninaandika, mwenye sauti atawasomea. Masomo yangu yaliishia njiani, mutanisamehe. Mahali ambapo sikumbuki vizuri, nitasema sikumbuki.

Jina langu ni Bahati. Kazi yangu ilikuwa kupakia maharagwe kwenye muji wa Kiwanja na kuyaleta Goma kwa pikipiki, magunia nyuma, mimi nimekaa karibu juu ya tangi. Anayefanya kazi hii anajua ugonjwa wa pikipiki zetu. Ukiteremka na muzigo, mbele inakuwa nyepesi, na gido, ile tunayoshika kwa mikono, inaanza kutikisika kama kichwa cha mbuzi anayekataa kamba. Kila mutu ana dawa yake. Mimi nilichomelea nondo chini ya chasi ili isipinde. Nikaongeza nyuma amortiseri nyingine, springi ya kumeza mishituko. Zilisaidia, siwezi kudanganya, pikipiki haikulala tena ovyo kwenye kona. Lakini nyuma ilivyozidi kuwa ngumu, gido nayo ilizidi kutikisika.

Ndipo nikaenda sokoni Birere kwa Papa Jospin, fundi wa kuchomelea, nikamuuliza kama hakuna kitu cha kuituliza. Alifikiri, kisha akaleta vifimbo viwili vya gesi, vile vinavyosukuma mulango wa nyuma wa gari ndogo ubaki juu. Alikuwa amevitoa kwenye gari lililokufa. Akafunga kimoja kuume, kingine kushoto.

"Huyu anasukuma huku, yule anasukuma kule," alisema. "Gido itabaki katikati kama bwana wa bibi wawili."

"Na bibi mumoja akichoka?"

Alicheka. Mimi pia nilicheka.

Haki isemwe: kwa muda murefu ilifanya kazi. Niliteremka muteremko wa Kibumba mikono imetulia. Motari wengine walikuja kuangalia, nao wakaenda kwa Papa Jospin kufungiwa.

Siku ya aksida, siku niliyogonga, barabara ilikuwa kavu. Nilikuwa ninateremka na magunia. Lori la viazi lilikuwa linapanda polepole, upande wake, halikutoka hata kidogo. Jiwe liliruka kutoka chini ya gurudumu langu, likapiga kifimbo cha kushoto. Nilisikia fyuuu, kama tairi inayotobolewa. Cha kuume kikabaki peke yake na nguvu zake zote. Gido ikakata kushoto. Niliivuta kwa mikono miwili, kwa kifua, kwa meno yaliyokazwa. Ilikataa. Ikanipeleka moja kwa moja kwenye ubavu wa lori.

Kishindo sikukisikia. Nilisikia ladha ya damu na muchanga. Nilipoangalia muguu wangu wa kushoto, unyayo ulikuwa unatazama nyuma. Mufupa ulikuwa umetoka chini ya goti, mweupe, na kipande cha suruali kimeingia ndani ya nyama. Nilijua palepale kwamba muguu huo ninaweza kuupoteza. Claude, rafiki yangu aliyekuwa ananifuata na moto yake, yaani pikipiki, alinifunga juu ya goti kwa ule mupira tunaofungia mizigo. Alikaza mpaka nikatapika.

Munajua desturi yetu. Motari akianguka karibu na gari, hatuulizi. Walikuja motari wa kupanda na wa kushuka, wakaacha moto zao zinanguruma. Walimutoa dereva kwa dirisha. Alikuwa muzee, mwenye mvi. Mumoja alimupiga usoni na kofia ngumu ya moto, na nilisikia meno yakivunjika kama mutu anayetafuna mahindi makavu. Akaanguka. Wakamupiga mateke tumboni, mgongoni. Mwengine aliinua jiwe kwa mikono miwili.

"Hana kosa," nilisema.

"Nyamaza, ndugu," Claude aliniambia. "Tuko tunakulipizia."

"Hana kosa. Ni gido."

"Kichwa yako imepigwa. Unasema bure."

Sauti yangu haikufika popote. Sijui akili ile ilitoka wapi, sidhani ni yangu. Nilimwambia, "Claude, enda inua moto yangu. Shika gido, halafu iachilie."

Alikwenda kwa kuniridhisha, nafikiri. Aliinua pikipiki, akanyoosha gido, akaiachilia. Ikajitupa kushoto, paa. Akainyoosha tena. Ikajitupa tena. Wengine wakageuka. Aliyeshika jiwe alikuja nalo hivyo hivyo mkononi, akainyoosha kwa mukono mumoja, ikamuponyoka, ikajitupa. Akaweka jiwe chini. Watu wale wanajua pikipiki, na ile gido waliielewa kuliko kinywa changu.

Siwahukumu. Ningekuwa mimi niliyesimama na mwengine amelala, sijui ningefanya nini.

Sasa muguu. Moto hainibebi, siwezi kukaa. Gari lingine halikuonekana. Kati yetu hakuna aliyejua kuendesha lori. Damu yangu ilizidi kuingia kwenye mawe. Yule muzee alijiinua kwa viwiko, akatema vipande vya meno, akasema, "Mumupakie juu ya viazi. Nitageuza."

Jina lake ni Muzee Kambale, mutu wa Butembo. Alinipeleka hospitali Goma jicho moja limefungika, damu ikimutiririka shingoni. Claude alikaa juu na mimi, akishikilia muguu usitikisike. Kila shimo la njia nilimuita mama yangu, ambaye alikwisha kufa zamani.

Dokta, mama mumoja asiyependa maneno mengi, aliangalia, akasema, "Mungechelewa kidogo tu, ningekata leo. Sasa tutajaribu. Siahidi."

Walinitoboa mufupa kwa mashine, wakapitisha vyuma, wakaviunganisha kwa fimbo nene nje ya ngozi. Kisha kidonda kikaoza. Harufu yangu iliwafikia wageni kabla hawajaniona. Kila asubuhi waliniondolea nyama iliyokufa. Niliuma shuka mpaka likatoboka. Siku moja nilimupiga muguzi ngumi ya shavu. Alishika shavu, akasema, "Papa Bahati, kama umemaliza, tuendelee."

Mama mukwe wangu alikuja kutoka Rutshuru, akataka nipelekwe kwa muzee wa kwao anayeunga mifupa kwa kukanda. "Chuma na mufupa havina undugu," alisema. Nisimuonee. Muzee yule amewaponyesha wengi, mukono wa bibi yangu, muke wangu, ni kazi yake, na hauonyeshi alama. Dokta alimujibu kwa heshima: "Mama, mufupa uliofunikwa anaweza. Huu uko nje. Akiukanda, hatutakata muguu, tutamuzika mutu." Mama mukwe akabaki kunifulia nguo.

Dokta alitwambia kwamba vidole vikifa, atakata. Basi kila asubuhi bibi yangu alinifinya kidole kikubwa.

"Unasikia?"

"Hapana."

Kesho yake tena. "Unasikia?"

"Hapana."

Alikuwa anageuka upande wa ukuta ili nisimuone. Asubuhi moja alifinya bila hata kuuliza, na mimi nikamwambia, "Unaniumiza." Hakuacha. Aliendelea kufinya, analia, na mimi nilimuacha aniumize.

Papa Jospin alikuja nikiwa bado kitandani. Hakukaa. Aliangalia vyuma vya muguu wangu kwa muda, akagusa fimbo ya nje kwa ncha ya kidole.

"Hii haisukumi," alisema. "Inashika tu."

"Ndiyo."

"Vile vyangu vilikuwa vinasukuma."

Akatoka. Nilisikia baadaye kwamba alizunguka parking zote, akavikata vifimbo alivyowafungia watu, na waliokataa aliwagombeza mpaka wakakubali. Mimi ndiye niliyemuomba dawa. Kosa tuligawana, na sijui sehemu yake ni kubwa kuliko yangu.

Leo ninatembea na fimbo. Muguu umekuwa mufupi kidogo, lakini ni wangu. Ninamushukuru Mungu, dokta, muguzi yule, bibi yangu, na mupira wa Claude.

Ndugu zangu, shauri langu ni dogo, munaweza kulikataa. Gido ikitikisika, musikimbilie kuongeza chuma. Angalieni kwanza gololi za shingo ya gido, pumzi ya matairi, na gunia lile la juu. Kuna amortiseri iliyotengenezwa kwa kazi ya gido, inapunguza mutikisiko na kubaki kimya. Lakini kitu chenye kusukuma, hata vikiwa viwili, siku moja kitabaki kimoja. Na mwenzetu akianguka, tuangalie kwanza yeye aliyelala, na moto yake. Dereva hatakimbia kuliko sisi.

Leo alasiri Muzee Kambale alikuja kwetu. Nilimupokea kwenye kiingilio nikiwa nimesimama. Aliangalia muguu, mimi nikaangalia kinywa chake. Meno ya mbele hayako, na taya lililovunjika lilishika vibaya.

"Unatembea kama bata," alisema.

"Na wewe unasema kama mutoto, Muzee."

Alicheka akiwa ameshika taya. Alituletea gunia la viazi, alivyovipitisha barabara ile ile. Jioni bibi yangu alivipika na maharagwe na sombe, majani ya muhogo. Alipoona namna Muzee anavyogeuza kiazi kinywani bila kukiweza, alirudisha sahani zote jikoni, akaviponda vyote, vya kila mutu, na sisi wote tukala viazi vya kupondwa.